Ng'ombe Waliogeuka Ukutani

Migori, Jumapili jioni, mwisho wa Agosti

Boke mwanangu,

Umetoka kuwaaga majirani, na kwa jinsi ninavyowajua majirani zetu hutarudi upesi, maana kwenye kila mlango utapewa chai. Nimezima mashine ya kusaga mapema. Nimejifuta unga mikononi, nimekaa kwenye kile kiti kilichokuwa cha mama yako, na nimechukua kalamu.

Mambo ya safari siyaandiki. Shangazi yako Gati amekwisha kukuambia habari za nauli, za baridi ya Nakuru, za watu wa kuaminiwa na wasioaminiwa, kisha akaanza tena mwanzo. Nilikuona ukiitikia, "Ndiyo, shangazi," huku ukifunga mkoba. Hakuniachia neno hata moja, nami namshukuru kwa hilo.

Ninachotaka kuandika ni habari za ukuta wa shule. Utasema, "Baba, si nilikuwepo?" Ulikuwepo. Lakini muda mwingi ulikuwa umeupa ukuta uso na sisi ukatupa mgongo. Kuna mambo niliyaona mimi niliyekuwa nyuma yako, na sikukuambia. Mama yako alikuwa akisema kwamba mimi huongea mashine ikiwa inanguruma tu, ili asinisikie mtu. Leo mashine imenyamaza.

Ulipotoka Homa Bay, kwa kina mama yako, ambako yule mama fundi alikufundisha kazi ya kupanga picha kwa vipande vya vigae, nilitazama kwanza vidole vyako. Vilikuwa na mikwaruzo kila mahali. Sikuelewa kazi yenyewe. Kwetu chombo kikivunjika hutupwa nyuma ya choo na aliyekivunja husutwa hadi Krismasi. Sasa wewe ukaenda shule ya msingi ukawaambia watoto walete vilivyovunjika. Na walileta! Vikombe visivyo na mikono, vifuniko vya mabirika, sahani zilizopasuka, vipande vya tailzi za choo kutoka kwenye lile jengo jipya la hoteli. Wakumbuka yule mama aliyekuja mbio, leso mabegani, akiita tokea getini?

"Ticha! Ticha, ngoja! Hiyo ya maua ni sahani ya wageni!"

"Mtoto alisema imevunjika, mama."

"Imevunjika wapi? Hiyo ni nzima! Ametaka tu kuivunja!"

Ukamrudishia sahani yake kwa mikono miwili, ukamwambia yule mtoto aliyekuwa amejificha nyuma ya tangi la maji, "Wewe utaleta kitu kilichokufa chenyewe." Watu walicheka hadi mwalimu mkuu akafungua dirisha. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuja na baiskeli kila mchana, eti nimeleta unga wa muhogo wa kupikia gundi. Unga wa siku nzima ungeweza kuja asubuhi mara moja, Boke. Nilikuwa nakuja kutazama.

Nilikuona ukipika ile gundi kama uji, na yule mdogo wa gredi ya pili akachovya kidole akalamba. Hukumkemea. Ulimwuliza, "Tamu?" Akafikiri. "Haina sukari." Ukamwambia, "Basi sukari tutaweka kwa samaki." Mpaka leo kila nikipita pale, wale samaki wa udongo wa ukutani, mliowachoma kwenye shimo, huwatazama kama vitu vya kuliwa.

Watoto walichagua picha wenyewe. Upande wa kushoto ziwa na boma kando yake, kwa sababu nusu ya wazazi wa shule ile ni watu wa ziwani. Upande wa kulia vilima, mahindi na tumbaku, kwa sababu nusu nyingine ni watu wa kwetu, Wakuria kutoka upande wa Kehancha. Na katikati ng'ombe, ambao wamekunywa maji ziwani, wanapanda kurudi nyumbani vilimani jioni, wachungaji wawili mbele yao. Watoto hawapimi maili. Kwao ng'ombe anaweza kunywa maji Homa Bay na kulala Kehancha.

Ziwa na vilima mliviweka moja kwa moja ukutani na wale wakubwa. Ng'ombe ukawapa wadogo, wakae kivulini, wasiguse simiti. Ukawachorea ng'ombe kwenye karatasi za kaki, nao wakabandika vipande kifudifudi, uso wa rangi ukitazama karatasi na mgongo juu. Ulinieleza: karatasi nzima itapandishwa kwenye simiti mbichi, kisha italoweshwa kwa sponji na kubanduliwa, ndipo rangi itoke. Nilikuuliza, "Kwa hiyo sasa hivi hamwoni mnachofanya?" Ukasema, "Tunaona mgongo wake, baba." Jibu hilo nililibeba hadi kwenye mashine.

Siku ya kubandua nilikuwepo. Shule nzima ilikuwepo. Ulilowesha karatasi, ukaishika pembe, ukavuta polepole, na ng'ombe wakatoka wakiwa wekundu, weupe na wa kahawia, wakimeta maji kama waliotoka kuzaliwa. Watoto wakapiga kelele. Halafu yule binti wa mwenye kibanda cha mandazi akasema, "Ticha, ng'ombe wamerudi maji."

Uliwachora wakitazama kulia. Karatasi ilipogeuzwa, wakageuka nayo. Walikuwa wamevipa vilima mkia na wanakwenda zao ziwani.

Ulicheka. Nilikupenda sana ulivyocheka, kwa sababu mimi mahali pako ningetaka ardhi ipasuke. Ulishika kiuno, ukawaambia watoto, "Mwalimu wenu amesahau karatasi ina pande mbili!" Nao wakacheka na wewe, si kukucheka. Kisha ukageuka, ukawaona watu waliosimama barabarani. Wao hawakucheka.

Kesho yake nilisikia yote kwenye foleni ya mashine. Hukuwepo, kwa hiyo nikuandikie kama nilivyosikia. Mama Nyamohanga ndiye aliyeanza, beseni lake la mahindi kichwani.

"Mmeona ule ukuta? Wamechora ng'ombe zetu zikipelekwa ziwani. Watoto wetu ndio wamefundishwa kuchora vile tunaibiwa!"

Mama Adhiambo, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na stendi, akageuka. "Nani anaiba? Sisi ndio tumetukanwa! Ng'ombe zinatoka huko juu kwenu zinaingia boma yetu, mchana kweupe, mbele ya shule. Mnataka dunia ijue sisi ni wezi?"

"Kwa hivyo sisi tumeibiwa na nyinyi ndio mnalia?"

"Na nyinyi mmeibiwa na nani? Ng'ombe ni za tailzi!"

"Wewe, hata tailzi ina mwenyewe."

Kisha wote wawili wakakumbuka mashine ni ya nani. Wakanitazama. Nikaongeza kasi ya mashine hadi mabati yakatetemeka, nikasaga mahindi ya Mama Nyamohanga laini kuliko alivyotaka. Picha moja ilikuwa imezaa matusi mawili, na kila upande ulikuwa umechukua lake nyumbani.

Mtu wa mbali angeona kichekesho. Wewe umezaliwa hapa, unajua. Katika nchi hii ng'ombe si mnyama tu. Pande zote mbili kuna familia zilizozika mtu kwa ajili ya ng'ombe, na pande zote mbili kuna jina ambalo upande mwingine hulitumia kwa sauti ya chini. Hatulisemi sokoni. Tunauziana omena na mahindi vizuri kabisa. Lakini jina hilo lipo, na siku hiyo lilikuwa kama limebandikwa ukutani kwa simiti.

Mwenyekiti wa bodi akasema ng'ombe wabomolewe kabla ya mkutano wa wazazi. Hakusema kwa ubaya. Alitaka amani, na watu wengi wakitaka amani huanza kwa kutafuta nyundo. Lakini nilipokuja na unga mchana huo niliona jambo lililonitisha kuliko mwenyekiti. Watoto walikuwa wamekaa mafungu mawili. Wale waliokuwa wakigombea nyundo moja, wakivunja vigae ndani ya gunia moja, sasa kulikuwa na gunia huku na gunia kule. Hakuna mwalimu aliyewagawanya. Walikuwa wamekula chakula cha jioni na wazazi wao, basi.

Jioni hiyo nikakupa ushauri wangu. Natumaini umeusahau, ila mimi sijausahau.

"Boke, chukua tindo yangu. Kesho alfajiri kabla watu hawajapita, wabandue. Sema simiti haikushika."

"Baba, simiti imeshika."

"Najua imeshika."

Uliendelea kumenya ndizi. Kisha ukasema bila kuinua macho, "Nikiwabandua nikijificha, watoto watajua kweli walichora wizi. Kosa ni langu la karatasi. Si la ng'ombe, na si la watoto."

Nilikwenda kulala nimeona haya, na haya yenyewe ilikuwa nzuri, kama maji baridi usoni. Maana mwanangu, mimi nimeishi kwa tindo. Mama yako alipofariki, kabla ya wiki ya matanga kwisha nilikuwa nimegawa vyungu vyake, nimegawa kitenge chake cha kijani, nimehamisha kitanda. Watu walisema Chacha ana nguvu. Sikuwa na nguvu. Nilikuwa nabandua kabla watu hawajapita. Hata kwao Homa Bay niliacha kwenda. Mjomba wako Odhiambo alipiga simu mara ya kwanza, nikasema mashine imeharibika. Alipopiga tena nikasema hivyo hivyo. Mwishowe alidhani nina mashine mbovu kuliko zote Kenya, akaacha kupiga. Si kwamba nilimkosea au alinikosea. Sikujua tu nitakaaje katika nyumba ile, kwenye kiti cha mkwe, bila yule aliyenifanya mkwe.

Asubuhi uliondoka mapema. Nikafikiri umekwenda kwa mwenyekiti kuomba muda. Nilipofika na baiskeli nikakuta umewakalisha watoto wote mbele ya ukuta, mafungu mawili vile vile, na umekaa chini kwenye vumbi mbele yao. Ulikuwa umenipa mgongo. Mimi niliona nyuso zao, ndiyo maana nakuandikia hili.

Ulisema, "Nimekosea. Niliwachora vizuri, nikasahau kugeuza. Sasa ng'ombe wanakwenda ziwani na hawawezi kurudi, kwa sababu simiti imekauka. Watu wakipita wanasema hawa wameibiwa. Je, ni lazima ng'ombe anayetoka nyumbani awe ameibiwa?"

Uso wa mtoto anayefikiri ni kitu kizuri sana, Boke, na siku ile nilikuwa na nyuso za darasa zima.

Mmoja akasema, "Tuandike hapo juu: HAWA SI WEZI."

Wengine wakamzomea. "Ukiandika hivyo ndio watajua ni wezi!"

"Tuwape viatu. Mwizi hukimbia pekupeku."

"Tuweke jua kubwa. Mwizi hapendi jua."

"Tuweke polisi."

"Polisi akiwa hapo ndio mbaya kabisa!"

Mlicheka wote. Na katikati ya kicheko hicho, kutoka fungu la watoto wa kwetu, Robi yule mwembamba wa gredi ya tano akainua mkono.

"Ticha, tuwape mwavuli."

"Mwavuli wa nini?"

"Babu yangu akienda ukweni lazima abebe mwavuli. Hata kama hakuna mvua. Na koti. Nani ameona mwizi wa ng'ombe na mwavuli?"

Kutoka fungu la pili mvulana akaruka juu. "Hata babu yangu! Ati mwavuli ndio heshima. Halafu anausahau huko, anarudi kuuchukua, anapewa kuku tena!"

"Basi hizo ni ng'ombe za mahari," akasema Robi.

"Kwa hivyo wanakuja kuoa kwetu!"

"Tunakuja kuoa kwenu. Mchinje."

Hukuona, kwa sababu ulikuwa umefunika uso ukicheka. Lakini watoto walikuwa wamesogea. Ili kubishana vizuri ni lazima mtu amkaribie mwenzake, na kabla hujainua kichwa hapakuwa na mafungu mawili tena.

Mimi niliweka baiskeli chini nikakaa juu ya gunia la unga. Nikuambie kwa nini.

Unajua mama yako alivyokuwa akisema nikikaidi: "Umelala langoni kama yule ng'ombe." Nadhani ulikuwa ukidhani ni methali ya Kijaluo. Si methali. Ni ng'ombe wangu. Mahari ya mama yako tuliipakia lori kutoka kwetu, na lori likafia Rongo. Baba mdogo Mwita akasema ng'ombe wana miguu. Tukawateremsha, tukashika njia. Yeye alitangulia na koti la sufu katika joto lile, na mwavuli mweusi umefunguliwa, na hakukuwa na wingu. Watu wa Rongo wakauliza, "Mzee, unauza?" Akajibu, "Naoa." "Wewe?" "Huyu." Na wote wakanitazama kwa huruma, kwa sababu nilikuwa na matope hadi magotini.

Tulipokaribia kwao, kitu cha kwanza walichokiona ni mwavuli. Mjomba wako alikuwa kijana, alikuwa juu ya paa akirudishia nyasi, akapaza sauti, "Mwavuli unakuja!" Kisha tulipofika langoni, ng'ombe aliyetangulia akalala chini. Akakataa kuingia. Tulivuta, tukasukuma, tukaimba. Wazee wakaanza kutazamana. Na mama yako alikuwa mlangoni pa jiko, na badala ya kujificha kama bibi harusi, alicheka kwa sauti, akaleta maji katika sufuria akamwekea ng'ombe mbele, ndani kidogo ya lango. Ng'ombe akainuka mwenyewe. Mimi nikaingia nyuma yake, na sikutoka tena moyoni mwa watu wale mpaka nilipojitoa mwenyewe kwa habari za mashine mbovu.

Hadithi hiyo hukuwa umeisikia. Niliigawa pamoja na vyungu. Na sasa watoto wa shule, kutoka kwenye kosa lako la karatasi, walikuwa wameichora tena, na hawakujua ni ya nani. Nilikaa juu ya unga na sikuweza kusimama. Mtu angeniuliza, ningesema ni mgongo.

Kazi ya siku zilizofuata niliitazama kwa heshima. Mlikosa vigae vyeusi. Wewe ukaomba magunzi na pumba kwangu, mkatengeneza vipande vya udongo, mkavichoma shimoni kama wanavyochoma akina mama wa vyungu kule kwa kina mama yako, kisha mkauzima moto kwa pumba, moshi ukafungiwa ndani hadi asubuhi. Vilitoka vyeusi kama sufuria ya kijijini. Nilidhani udongo hupata rangi kwa kupakwa. Kumbe unaweza kuipata kwa kuvumilia moshi. Na ulipotoa karatasi ya kaki ili mpange mwavuli, watoto wote kwa sauti moja: "Hapana, ticha! Moja kwa moja ukutani!" Ukaikunja ukaitia mfukoni bila kununa.

Mchungaji wa mbele mlimfanya mzee wa mwavuli, mkampa koti la vipande vya birika la buluu. Mlimpa viatu. Mwenzake mkampa kofia. Mkabishana bibi harusi awe wa wapi, avae nini, hadi yule mlamba gundi akatoa uamuzi: "Bibi harusi haonekani. Yuko ndani anapika." Basi kwenye boma la ziwani mkaweka mlango tu, wa vipande vyeusi, wazi.

Siku ya mkutano, mwenyekiti alikuwa amekuja na fundi mwenye nyundo. Wazazi walijaa, wa ziwani upande mmoja na sisi upande mwingine, kama watoto wale. Nami nilisimama katikati kwa sababu nilikuwa nimechelewa, si kwa ushujaa. Hukunitonya kwamba umempigia simu mjomba wako. Nilimwona akishuka kwenye boda boda na fimbo yake, amezeeka, amekonda, na kwa muda mfupi nilitafuta mahali pa kujificha nyuma ya lile tangi la maji.

Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Akatazama. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama tena. Watu wakaulizana ni mzee wa nani.

Kisha akaita, kwa sauti ile ile ya juu ya paa, "Chacha!"

"Naam, shemeji."

"Hii ni uongo!"

Wewe ulikuwa umeshika sponji, nikaona maji yakidondoka, ukiibana bila kujua.

"Hii ni uongo," akarudia, akigonga ukuta kwa fimbo. "Hizi ng'ombe ni nono. Zile mlileta kwetu zilikuwa mifupa! Na ya mbele ililala kwa mlango, watu wazima tukasimama kama wajinga. Mbona hamjachora hiyo?" Akawageukia watu. "Huyu msichana mnaita ticha ni mtoto wa dada yangu. Hizi ng'ombe zilitoka huko juu, zikakuja kwetu, na mwavuli mbele. Mimi niliuona mwavuli kabla ya ng'ombe. Nani anasema wizi? Wizi gani huleta mtoto kama huyu?"

Mzee Marwa wa bodi, mtu wa kwetu, hakuweza kuvumilia. "Mifupa? Na huyo msichana mlitupatia hakuwa mfupi? Tulileta ng'ombe ndefu tukapewa bibi wa hapa!" Akaonyesha kifuani.

"Mfupi lakini alijua kuhesabu! Nyinyi mlikuwa mnahesabu pembe!"

Hapo mkutano ukavunjika. Kila mtu akawa na ng'ombe wake wa kusimulia. Mama Nyamohanga alikuwa na dada aliyeolewa Homa Bay, na hakuwahi kumtaja kwenye foleni hata siku moja. Mama Adhiambo akasema shangazi yake aliolewa Kehancha na wakwe walisahau mwavuli, na upo hadi leo. Mwenyekiti akapiga meza, akasema, "Ajenda inayofuata ni vyoo." Yule fundi akakaa juu ya nyundo yake, akapewa chai.

Si wote waliotulia. Yule bwana wa duka la simu alisema mbele yako kwamba yeye bado anaona wizi, na tangu siku hiyo huvuka barabara akifika pale. Ukamjibu, "Ni sawa, baba. Ukuta hautaenda. Utatazama tena siku nyingine." Hukumbembeleza, hukumchukia. Mimi katika umri huu bado sijui kumwacha mtu na maoni yake namna hiyo.

Jioni, ulipokuwa ukiosha ndoo na watoto, mjomba wako alikuja kukaa karibu nami kwenye jiwe. "Mashine ilipona?" akauliza. Nikasema, "Ilipona." Akasema, "Na barabara ya Homa Bay haijahamishwa, shemeji." Tulikaa pale tukiutazama ule mlango mweusi mliouacha wazi. Sikumwuliza anamwona nani, naye hakuniuliza. Jumamosi ijayo nitakwenda. Nimekwisha kumwambia, kwa hiyo hakuna mashine itakayoharibika.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu kesho unakwenda kujifunza kazi hii kwa watu wanaoijua zaidi, wenye tanuri za umeme na rangi ambazo sisi hatujaziona. Watakuonyesha namna ya kutokosea karatasi. Jifunze. Lakini mimi nilikuona siku uliyokosea, ukakaa vumbini chini ya macho ya watoto na kuwauliza wao waonavyo. Sidhani kuna tanuri ya kukupa kile ulichokuwa nacho siku ile. Kilitoka wapi sijui. Kwangu hakikutoka. Labda kwa yule aliyeleta maji katika sufuria wakati sisi tunavuta kamba.

Ukipata shule huko, na watoto, na ukuta mtupu, najua utasahau kula na utasahau kupiga simu. Sitanuna. Ila siku moja moja, ukiwa umeupa ukuta uso, kumbuka kwamba kuna mtu aliyezoea kusimama nyuma yako, na kwamba alifurahi kusimama pale.

Baba yako,
Chacha